Miti ya Nagycenk na mashua ya mjomba

Nagycenk ni kijiji kidogo, watu kama elfu mbili hivi, kipo magharibi mwa Hungary karibu kabisa na mpaka wa Austria, ukipanda basi Sopron hata nusu saa haiishi umeshafika. Mi nilikuwa nasoma misitu pale Sopron, chuo chenyewe cha zamani sana, kilianzia Selmecbánya ambako saivi ni Slovakia, kikahamia Sopron 1919, sasa mwaka wangu wa kwanza mwalimu akatupeleka Nagycenk kupima miti na ndo nilivyokijua hicho kijiji. Sikwenda kutalii. Nilienda na utepe wa kupimia, nyundo ya mpira na daftari.

Kuna njia ya miti pale, inaanzia mbele ya jumba la ukoo wa Széchenyi inanyooka tu kwenda mashambani, kilomita mbili na nusu na ushee, miti imepangwa pande zote mbili. Mti wenyewe wanauita hárs. Kiswahili chake sikijui, hauoti kwetu, majani yake yamekaa kama moyo na maua yake yanatoka mwezi wa sita, madogo ya njano yaliyopauka, yananukia mpaka barabarani. Ilipandwa kuanzia 1754 na mama mmoja wa ukoo huo, Zsuzsanna Barkóczy, mke wa Antal Széchenyi. Nikasimama pale nikapiga hesabu, huyo mama alipanda akijua kivuli chake hatakikalia. Mi nimekulia mkoa wa Tanga, miembe mikubwa tunayo na hakuna anayejua aliipanda nani, hapa jina la mpandaji lipo na mwaka upo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi, unapima unene wa shina kwenye usawa wa kifua, afu unagonga kwa nyundo kuzunguka shina lote huku umetega sikio. Mti mzima unatoa sauti fupi nzito. Uliooza ndani unalia kama ngoma. Kuna mmoja niliugonga ukalia hasa, nikazunguka upande wa pili nikakuta tundu, nikaingiza mkono mpaka begani, ndani kulikuwa na unga mweusi laini wenye unyevu kama kahawa iliyokwisha kuchujwa, yaani mti mzima mtupu, lakini ukiangalia juu umejaa maua na nyuki wanavuma mpaka inabidi upaze sauti mtu akusikie. Nikaandika kwenye daftari "umekufa ndani". Mwalimu akapita akasoma akafuta. Akasema moyo wa mti si sehemu iliyo hai, mti unaishi kwa ile tabaka nyembamba chini ya gamba, huu ni mgonjwa lakini ni mzima, uandike mgonjwa. Nikaandika mgonjwa.

Siku hiyohiyo ndo nilikutana na bibi. Alikuwa anachuma maua ya hárs kwenye mfuko wa nguo, wanayakausha wanayanywa kama chai wakati wa mafua. Sasa Kihungari changu kilikuwa cha kubahatisha ila salamu nilikuwa nimeshafundishwa, mtoto au kijana akimkuta mama mtu mzima anamwambia csókolom, maana yake nakubusu, yaani nakubusu mkono. Nikamwambia csókolom. Mtu mweusi mrefu na nyundo ya mpira mkononi anamwamkia kwa heshima ya kizamani, yule bibi akaangua kicheko akaniuliza umetoka wapi. Nikamwambia Tanzania, na huko kwetu pia huwezi kumpita mtu mzima bila shikamoo. Akaijaribu, shikamoo, shikamoo, akaiweza. Kuanzia hapo nikawa naenda kwake kila baada ya wiki mbili tatu, namkatia kuni, ananipa chai na pogácsa, vile vimkate vya chumvi vya duara, na ananisahihisha Kihungari. Divai ya Sopron alinikaribisha mara moja tu, nilipomwambia mi ni Muislamu situmii, akaleta sharubati ya maua ya bodza na hajawahi kurudia tena kuuliza.

Ndo yeye aliyenipa kijiji chake. Nasema alinipa kwa sababu vitabuni unasoma majina na miaka ukimaliza unafunga, yeye alikuwa anaongea habari za Széchenyi István kama unavyomwongelea mzee wa mtaa wa pili. (Wahungari jina la ukoo linatangulia, Széchenyi ndo ukoo, István ndo jina lake.) Wahungari wanamwita Mhungari mkuu kuliko wote, na aliyempa jina hilo ni Kossuth Lajos, mpinzani wake wa kisiasa, hicho kitu kilinigusa sana, mtu mnapingana naye hadharani na bado unasema ukweli kuhusu ukubwa wake.

Habari ya kwanza aliyonipa bibi ni ya daraja. Mwisho wa 1820 baba yake István alifariki Vienna, István yuko ng'ambo ya pili ya mto Danube anawahi msibani, anafika Pest (Buda na Pest ni miji miwili iliyotazamana mtoni, ndo iliyokuja kuungana ikawa Budapest), mto umejaa mabarafu. Wakati ule hapakuwa na daraja la kudumu, palikuwa na daraja la maboti ambalo baridi ikianza wanalitoa, na vyombo navyo havivuki kwa ajili ya barafu. Akakaa wiki nzima anaangalia maji. Akaandika kwenye diari yake kwamba yuko tayari kutoa mapato yake ya mwaka mzima lijengwe daraja kati ya Buda na Pest.

Bibi alipofika hapo mi nikaweka kikombe chini.

Mi ni mtu wa Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, maisha yetu yote yapo mikononi mwa pantoni. 2011 babu mzaa mama alifia hospitali Tanga, tukaondoka na mwili alfajiri ili adhuhuri tuwe tumeshazika, tunafika Pangani mjini pantoni imeharibika. Watu wanavuka kwa vyombo vidogo hamna shida, ila gari lenye mwili haliwezi. Tukakaa. Fundi anakuja, fundi haji, jua linapanda, mama amekaa mchangani kajifunika kanga hasemi kitu, ng'ambo kule tunaliona kaburi limeshachimbwa, yaani tunawaona kabisa watu waliosimama na majembe, mto wenyewe ukirusha jiwe kwa nguvu unaona kama litafika. Ilipokaribia alasiri wazee wakaamua, tukamshusha babu kwenye gari tukamlaza kwenye mashua. Mashua hiyo nitairudia.

Basi nikamsimulia bibi, kwa Kihungari changu cha kuokoteza na mikono. Akasikiliza mpaka mwisho, afu akaniuliza: sasa hilo daraja mlijenga? Nikamwambia bado, linajengwa. Akasema István naye alisubiri, tangu 1820 mpaka 1849.

Na hiyo miaka yote hakuwa amekaa. Alienda Uingereza kujifunza madaraja yanajengwaje, akaleta mchoraji wa ramani ya daraja, Mwingereza William Tierney Clark na msimamizi Mskoti Adam Clark, majina yanafanana lakini si ndugu. Kitu kilichonishangaza kuliko chuma na mawe ni sheria. Hungary ya wakati ule mabwana hawakuwa wanalipa kodi wala ushuru, mzigo wote uko kwa wakulima, yeye bwana mwenyewe akapigania na 1836 sheria ikapita kwamba daraja likijengwa atakayevuka analipa, awe bwana awe mkulima. Wapo mabwana waliona hiyo ni matusi. Hebu fikiria, ushuru mdogo tu wa daraja ndo uliotoboa ukuta wa mamia ya miaka. Na 1848 kazi inakaribia kwisha wakawa wanapandisha mnyororo wa mwisho, mnyororo ukakatika, ukabomoa jukwaa, István na watu wengine wakaanguka mtoni, akaogelea akatoka.

Habari ya pili ni ya lugha, na hapa Mswahili yeyote atanielewa. Bungeni kwao walikuwa wanatumia Kilatini. Kilatini! Lugha ya mama ya hakuna mtu yeyote mle ndani. István mwenyewe amekuzwa kwa Kijerumani, diari zake kaziandika kwa Kijerumani, Kihungari alikuwa anakiongea kwa shida, na huyo ndo aliyesimama kwenye baraza la mabwana 1825 akahutubia kwa Kihungari. Tarehe 3 Novemba mwaka huo, mbunge mmoja Felsőbüki Nagy Pál akawasema matajiri kwamba wanaililia lugha kwa mdomo tu mfuko haufunguki, István akasimama akasema anatoa mapato yake ya mwaka mmoja, florini 60,000, ianzishwe taasisi ya kuikuza lugha. Pale pale wengine watatu wakaunga mkono na pesa zao, Vay Ábrahám, Andrássy György na Károlyi György. Ndo mwanzo wa Akademia ya Sayansi ya Hungary ambayo ipo mpaka leo. Kihungari chenyewe kikaja kuwa lugha rasmi ya nchi 1844.

Mi nimesoma sekondari ambayo ukiongea Kiswahili unavalishwa kibao shingoni. Niliposikia hiyo habari, kwamba mtu anayekiongea lugha ya watu wake kwa kukwama kwama ndo kasimama kwanza, niliona aibu ya miaka ile ikipungua. Kuanzia hapo nikaacha kuogopa kukosea Kihungari, dukani nakosea, kwenye treni nakosea, naendelea tu.

Ila na mi nina macho. Siku moja nikamuuliza bibi, hayo mapato ya mwaka mmoja yalitoka wapi. Maana florini 60,000 haziokotwi, zimetoka kwenye mgongo wa mtu. Hakukasirika. Akasema zimetoka kwa babu zangu, na akanionyesha mikono yake. Wakulima wa pale walikuwa na siku za kumlimia bwana bure, kazi yenyewe ilikuwa inaitwa robot, neno limetoka lugha za Kislavi. Akasema István mwenyewe aliandika 1830, kwenye kitabu chake cha mkopo na uaminifu, kwamba kazi ya kulazimishwa haina tija na iondoke, mabwana wenzake wengine walichukia mno. Bibi akamalizia hivi: alichotoa kilikuwa chetu, lakini wengine pia walikuwa na chetu na hawakutoa. Nimelibeba hilo jibu mpaka leo, sijapata la kuongeza.

Ukoo mzima ulikuwa wa watu wasiotulia. Baba yake, Ferenc, ndo aliyetoa maktaba yake yote kwa taifa 1802, ikawa mwanzo wa makumbusho ya taifa na maktaba ya taifa. Mtoto mkubwa wa István, Béla, 1877 mpaka 1880 alizunguka Asia na wanasayansi wake, India, Japani, China mpaka ndani huko magharibi, akatokea Burma. Amezikwa mwisho wa ile njia ya miti, yeye na mkewe Hanna ambaye alifariki kijana sana 1872, karibu na kinyumba ambacho zamani ukoo uliwajengea wakaapweke, wale watawa wanaojitenga na watu. Yaani mtu kaiona dunia yote hiyo afu karudi kulala mwisho wa miti ya yule mama wa ukoo wao.

Na mdogo wake Béla, Ödön, huyo mi ndo nampenda. Yeye alivutiwa na zimamoto. 1870 akaanzisha zimamoto ya kudumu ya Pest, na kile kitreni cha kamba kinachopanda kilima cha kasri pale Buda naye alihusika kukileta mwaka huohuo. 1874 Sultani akamwita Istanbul, mji wa nyumba za mbao ule, moto ukishika mtaa unateketea wote. Akaenda, akaunda kikosi, akapewa upasha, cheo cha wakubwa wa Sultani, Széchenyi Pasha, na akabaki Mkristo wake hivyo hivyo, akaishi huko mpaka alipofariki 1922, na kaburi lake liko hukohuko. Bibi alikuwa anaona ajabu kwamba mtoto wa Nagycenk alienda kuwa pasha, mi nikamwambia mwambao wetu tumezoea, mtu anazaliwa bandari hii anakuwa mkubwa bandari ile.

Hapo nikamtolea na yangu. Nikamwambia 1887 Mhungari mmoja, Teleki Sámuel, bwana mkubwa wa Transilvania, alianzia safari yake ya bara kwetu Pangani, na aliyempitisha njia alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe wa palepale Pangani. 1888 wakafika ziwa kubwa wakalipa jina la Rudolf, mtoto wa mfalme wa Austria, saivi ni ziwa Turkana. Bibi Teleki anamjua, shuleni wanasomeshwa. Kimemeta hajawahi kumsikia. Akaniambia niandike hilo jina kwenye karatasi, akalibandika kwenye mlango wa friji kwa kisumaku, JUMBE KIMEMETA, PANGANI, na kila nikienda nalikuta lipo.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike haya.

Tarehe 1 Novemba 2023 bibi akaniomba nimsindikize makaburini. Siku hiyo na ya pili yake Hungary nzima inaenda makaburini, wanabeba maua ya krisantemi na mishumaa kwenye vikopo vya kioo, giza likiingia makaburi yanakuwa kama mji. Tukawasha kwa mumewe, kwa wazazi wake, tukapanda mpaka kwenye jumba la kaburi la ukoo wa Széchenyi, lipo hapohapo kwenye makaburi ya kijiji, na wanakijiji wamelala pembeni. Pana maneno pale kwenye kuingia chumba cha chini, bibi akanisomea polepole nikaelewa mwenyewe bila kutafsiriwa: tulikuwa kama ninyi, mtakuwa kama sisi, vumbi na majivu. Shada za maua zimepangwa, za shule, za halmashauri, zina utepe mwekundu, mweupe na kijani.

Nikamuuliza, alikufaje. Nilitegemea aniambie uzee au vita.

Akaniambia kama mtu anavyokwambia saa ngapi. Akasema 1848 alikuwa waziri wa ujenzi na uchukuzi, mapinduzi yakaanza kwenda kwenye vita na Austria, István akaona nchi inaangamia na yeye ndo chanzo kwa sababu ndo alianza kuwaamsha watu, akawa halali, anajilaumu usiku kucha, mwezi wa tisa akili ikashindwa kabisa wakampeleka Döbling, nje kidogo ya Vienna, nyumba ya wagonjwa wa akili. Akakaa kule karibu miaka 12. Daraja lilipofunguliwa Novemba 1849 yeye yuko kule, hajawahi kulivuka likiwa limekamilika. Mkewe Crescence, ambaye alimpenda na kumsubiri zaidi ya miaka 10 mpaka alipobaki mjane ndo wakaoana 1836, akawa anakuja kumwona. Baadaye akili ikatulia, akaanza tena kupokea wageni na kuandika, 1859 maandishi yake ya kuisema serikali ya Austria yakachapwa London bila jina, Machi 1860 polisi wakaja wakapekua vyumba vyake. Usiku wa kuamkia Pasaka, 8 Aprili 1860, akajiua.

Akasema: alikuwa mgonjwa. Akainama akaweka mshumaa wake sawa maana upepo ulikuwa unaulaza. Wakamleta hapa, akasema, wakubwa hawakutaka watu wakusanyike lakini walikuja maelfu.

Sikuweza kusema kitu. Nilisimama pale na kikopo changu cha mshumaa na kichwani nipo Bweni.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa fundi wa vyombo. Mi nilikuwa mdogo lakini namkumbuka anachonga kwa tezo, vipande vya mbao vinaruka, mi naviokota tunawashia moto, nakumbuka harufu ya sifa anapopaka chombo, na jinsi alivyokuwa anatia kalafati anagonga huku kasikiliza, tok tok tok, anajua kwa sauti kama pamba imeingia sawa. Mashua nyingi za pale mtoni zilikuwa za mkono wake. Afu akaanza kutolala. Akawa anasema chombo alichouza kitazamisha watu, anaamka usiku anaenda pwani kukagua misumari kwa kupapasa. Wakasema karogwa, wakampeleka huku na huku, mwisho akawekwa chumba cha uani na wageni wakija tunaambiwa tusimtaje. Usiku mmoja akatoka. Akakutwa mtoni. Watu wakaambiwa kateleza, mtu aliyezaliwa na mto ule mguuni. Akazikwa harakaharaka, na kuanzia siku hiyo jina lake nyumbani halikutamkwa tena, picha zikaondolewa, ukiuliza unaambiwa kacheze.

Na ile mashua tuliyomvushia babu 2011, aliichonga yeye. Baba mtu kavushwa kwenda kaburini na chombo cha mwanawe, kila aliyekuwemo ndani alikuwa anajua, nahodha alikuwa anajua, mama alikuwa anajua, mkono wake ulikuwa umeshika ubao, na hamna hata mmoja aliyesema.

Nakiri mi pia nilikuwa namwonea aibu mjomba. Chuoni mtu akiniuliza kwenu nani fundi nilikuwa nasema babu. Niliogopa kwamba ule ugonjwa ni doa la damu, likijulikana hakuna atakayenipa binti yake. Sasa nipo kwenye kijiji cha watu elfu mbili ambacho mtu wao mkuu kuliko wote aliugua akili miaka 12 na akafa kifo ambacho zamani kanisa lao halikuwa likikizika kwa heshima, na bibi kizee kasimama na mshumaa anakwambia yote, daraja, lugha, miti, ugonjwa, kifo, kwa sauti ileile moja bila kushusha popote. Watoto wa pale wanaendesha kireli kidogo cha makumbusho, kilifunguliwa 1972, kinatoka jumba la ukoo kwenda Fertőboz, wamevaa sare na kofia wanakata tiketi na kupiga saluti, ukimuuliza mmoja Széchenyi ni nani anakueleza, ukimuuliza alikufaje anakueleza pia. Hakuna anayemshusha hadhi. Mwaka 2001 jumba lile liliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO pamoja na eneo lote la ziwa Fertő, na ndani ya makumbusho Döbling nayo ina sehemu yake kama daraja lilivyo na sehemu yake.

Usiku ule nikampigia mama. Kwanza tukaongea ya kawaida, baridi, chakula, unakula vizuri. Nikamwambia, mama, nataka uniambie habari za mjomba. Kimya. Nikadhani simu imekatika, nikasema haloo, akasema nipo. Akasema hayo ya nini mwanangu, ya zamani hayo. Nikamsimulia ya István, yote, kama nilivyosimuliwa. Mama si mtu wa vitabu lakini habari anajua kuisikiliza, nilipofika kwenye daraja ambalo István aliliota miaka yote na asilivuke mama akasema maskini. Nikamwambia mama, mjomba alikuwa mgonjwa. Akalia. Mi nikakaa kimya nikamwacha alie, simu inakula salio basi iile.

Alipotulia akaanza. Akaongea mpaka saa nane za usiku za huko. Aliongea yale ambayo sikuyajua, kwamba mjomba alikuwa anaimba akifanya kazi, kwamba mtu akija hana pesa yote alikuwa anampa chombo akamalizie kwa samaki, kwamba yeye mama ndo alikuwa anampelekea chakula chumba cha uani na siku nyingine walikuwa wanacheka kabisa mle ndani, wanacheka mambo ya utotoni, yaani akili ilikuwa inakuja na kuondoka kama maji ya mto kupwa na kujaa. Akasema kitu ambacho kimembana miaka yote ni kwamba usiku ule alimsikia akifungua mlango akadhani anaenda msalani. Miaka zaidi ya 20 hajamwambia mtu. Nikamwambia mama, na mimi ningedhani hivyo.

Mwisho akaniambia ile mashua bado ipo. Na akasema, angalia ndani kule tezi, chini ya ubao wa kukalia nahodha, aliandika.

Nikarudi nyumbani likizo Agosti 2024. Nilifika mtoni asubuhi, pantoni ilikuwa inafanya kazi lakini sikuipanda, nikatafuta ile mashua nikaikuta imelala mchangani maji yamekupwa. Mwenyewe saivi ni kijana, mtoto wa yule nahodha wa 2011. Nikampa salamu nikamwambia mi mpwa wa aliyeichonga. Akaniangalia, akasema baba alikuwa anasema hiyo mbao ya chini haijawahi kubadilishwa hata mara moja. Nikapiga magoti mchangani, nikagonga ubavu kwa ngumi kama tulivyokuwa tunagonga ile miti, ubao ukajibu sauti fupi nzito. Afu nikainama nikaingiza kichwa chini ya kile kiti cha nahodha na tochi ya simu. Ilikuwa imefunikwa na lami na chumvi, nikasugua kwa kidole gumba. Yalikuwa maneno mawili yamechongwa kwa patasi, jina lake, na chini yake jina la mama.

Nikampigia mama aje. Alivuka kutoka Bweni na ngalawa ya watu, kajitanda kanga, akaja mpaka kwenye chombo, akavua ndala, akapanda.